Mtu Aliyeshuka Kwenye Char

Mahali fulani, Ufaransa
17 Septemba 1944

Mdogo wangu Kimya,

Nakusalimu wewe, Mama na Bibi, pamoja na yule jogoo wa Bibi kama bado hajaingia kwenye sufuria. Mimi mzima. Mgongo unauma kwa kuendesha lori, lakini hapa kila mtu mgongo unamuuma, kwa hiyo hakuna wa kumlalamikia. Tunapeleka petroli mbele kwenye mapigano, tunarudi na madebe matupu, tunapakia tena. Mwambie Mama soksi zimefika. Mwambie Bibi ninakula.

Sasa nijisifu kidogo. Mwezi uliopita Luteni Haskell alikuwa anabishana na mkulima mmoja kwa mikono na mabega, hawaelewani hata chembe. Nikasogea, nikamsemesha yule mzee kwa Kifaransa chetu cha nyumbani. Luteni alinitazama kana kwamba farasi wake amemwamkia. Tangu siku hiyo mimi ni mkalimani, tena koplo. Wazungu waliokuwa wakiniita "wewe boi" sasa wananiita Mfaransa.

Barua hii imo kwenye bahasha ya bluu, ambayo maofisa wetu hawaifungui; husomwa mbali, na watu wasionijua. Kwa hiyo yanayofuata ni yako peke yako. Bibi usimsomee.

Kijiji cha jirani kuna mkulima ameuawa. Ilikuwa jioni, mvua inanyesha. Askari alitaka pombe ya matufaha, akanyimwa, akafyatua risasi. Mama wa marehemu, Bibi Hervieu, aliona yote kutoka dirishani, na mimi ndiye niliyemtafsiria mbele ya maofisa. Alisema: mtu mweusi, mweusi wote, alishuka kwenye char. Nikawaambia kwa Kiingereza: mtu mweusi, alishuka kwenye gari. Wakaandika.

Weusi wenye magari upande ule ni kombania yetu tu. Na lori lililosimama karibu jioni ile ni la Leander Suggs, mtu wa Alabama, anayelala kitanda cha pili kutoka kwangu. Yeye anasema alisimama kubadili gurudumu. Walipompeleka mbele ya yule bibi, alimwangalia akasema urefu unalingana. Basi wakamfunga pingu.

Leander ana mdomo. Kila siku hunitania kwamba nikisema Kifaransa ni kama nina kiazi cha moto kinywani. Lakini walipokuwa wanamchukua hakutania. Aliniambia, "Mfaransa, waambie vizuri."

Nimewaambia vizuri. Kila neno nimelipeleka kama lilivyotoka. Sijui kwa nini silali.

Kesi ni mwezi ujao. Niandikie habari za nyumbani.

Kaka yako,
Valsin

*

Anse Noire, Louisiana
4 Oktoba 1944

Kaka Valsin mpendwa,

Tumefurahi kusikia u mzima. Sisi pia wazima, ila Bibi goti, na Mama uchovu. Kiwanda cha sukari kinaanza kusaga wiki ijayo na Mama amepata kazi ya kufunga magunia. Mimi bado niko kwa masista, Kiingereza asubuhi na Kifaransa mchana. Jogoo yupo, na tabia yake ni ile ile.

Bibi alikaa kwenye kiti chake nimsomee barua yako kwa Kifaransa, kama kawaida. Nilipofika kwenye soksi na chakula nikakunja karatasi. Akasema, "Karatasi tatu, wewe umesoma nusu moja. Zilizobaki zina nini, kuku?"

Nikamwambia ni mambo ya jeshi.

"Mambo ya jeshi ndiyo ninayotaka. Ya soksi nayajua, nilizifuma mimi."

Nikaenda kuosha vyombo. Si bure unaniita Kimya.

Kaka, nina swali, na kama una kazi nyingi usijisumbue kunijibu. Je, vifaru vilipita kwenye kile kijiji siku zile? Na yule bibi alisema char kweli, au lilikuwa neno jingine linalofanana nalo? Nauliza tu. Inawezekana sijaelewa, maana wewe uko huko na mimi niko huku jikoni.

Mama anasema vaa kofia ya sufu. Bibi anasema kula.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Ozite

*

Ufaransa
22 Oktoba 1944

Ozite,

Salamu kwa wote. Mimi mzima.

Vifaru, ndiyo, vilipita. Vilikaa siku mbili bondeni, vikaelekea mashariki. Kwenye vile vifaru hapakuwa na mweusi hata wa kupika chai. Sasa hilo linahusu nini?

Leander amehukumiwa kitanzi. Kesi ilianza asubuhi, na hata chakula cha mchana hakikucheleweshwa. Mimi nilisimama katikati, nikageuza maneno ya yule bibi kuwa Kiingereza na hukumu ya wale maofisa kuwa Kifaransa. Yule bibi alilia. Leander hakulia, aliniangalia mimi. Si hakimu, si mlinzi. Mimi.

Hukumu lazima ipitiwe na wakubwa juu, halafu basi.

Kuhusu neno, nimezaliwa ndani ya Kifaransa. Bibi yetu hajui lugha nyingine. Najua char ni nini. Niandikie habari za nyumbani, usiniandikie mambo ya huku.

V.

*

Anse Noire
8 Novemba 1944

Kaka yangu,

Nakuamkia, na ninaomba barua hii uisome hadi mwisho hata ukikasirika. Bibi mzima. Mama mzima. Salamu zao sikuweza kuziomba, kwa sababu hawajui kwamba naandika. Hapana, nisikudanganye: Mama anajua, na amenikataza.

Mwaka jana Sista Anselme alitupa insha ya Kifaransa, nikaandika kwamba Jumapili mjomba hutupeleka misani kwa char yake. Unajua Sista ni mtu wa kulekule Normandi uliko wewe. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mjomba wako anakwenda kanisani na kifaru? Padri hajaogopa?" Halafu akatueleza. Kwao gari ni neno jingine kabisa. Char ilikuwa mkokoteni wa shamba zamani, lakini tangu vita vile vya kwanza ukisema askari ameshuka kwenye char, kila mtu kwao anaelewa chuma chenye mzinga. Ni sisi tu huku tunaoliita char gari la kwenda dukani. Darasa zima liliniita Jenerali kwa wiki nzima. Nilikuwa nakula chakula changu nyuma ya tangi la maji ili nisikutane nao.

Kwa hiyo nilipoisoma barua yako ya kwanza, nilijua. Nilijua nikiwa nimesimama hapo hapo karibu na jiko, karatasi bado mkononi. Wewe ndiye uliyenifundisha herufi kwa mkaa kwenye ubao wa ukuta. Nitamwambiaje mtu huyo kwamba amekosea neno, tena mimi, ambaye hata "nipo" darasani nikiitwa jina nashindwa kusema? Nikakuuliza kwa kuzunguka, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Wakati mimi naogopa kukosa adabu, mtu amehukumiwa kunyongwa. Hilo nimelala nalo tangu barua yako ya pili ifike, na sitaki kulala nalo tena.

Kaka, mtu yule alishuka kwenye kifaru. Leander haendeshi kifaru. Hakuna mweusi aliyeendesha kifaru pale, umesema mwenyewe.

Sikutaka ushike neno langu peke yake. Jana nilimwomba Sista Anselme aandike maana ya neno hilo kwa mkono wake na kutia sahihi. Nilipanga nimwambie faraghani, lakini alikuwa anatoka, basi nikasimama katikati ya somo. Sauti yangu ilitoka kama ya bata. Sista akasema mambo ya jeshi hayatuhusu. Nikasema, "Sista, uliponicheka neno hilo lilikuhusu." Kaka, sijui maneno hayo yalitoka wapi. Nilidhani nitafukuzwa. Alikaa, akaandika. Karatasi yake nimeiweka humu.

Sasa Mama. Alinikuta naandika, akachukua barua, akaisoma yote taratibu, unajua anavyosoma, kidole chini ya kila neno. Akaitia mfukoni mwa aproni.

"Hii haiendi popote."

"Mama, watamnyonga."

"Nimesikia. Na huyu wangu, akisimama mbele yao akasema nilikosea, watasema nini? Watasema aliapa uongo. Watasema alipewa hongo na weusi wenzake. Uliona walivyomfanya mtoto wa jirani yetu Eulice kwenye basi, na sare yake ya jeshi mwilini? Kosa lake lilikuwa kukaa kiti cha Wazungu. Kukaa tu, Ozite!"

"Leander naye ana mama."

Alinipiga kofi. Hajanipiga tangu nina miaka saba. Halafu akaketi akashika mkono ule ule aliopigia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama yake aandike barua zake. Mimi nina mmoja tu huko."

Barua hii ni ya pili, nimeiandika chooni. Bibi hakuniuliza kitu. Asubuhi aliniita akanipa mayai nipeleke mjini, ingawa Jumatano si siku ya mayai, na akaniambia kwa Kifaransa, "Ukipita posta, salimia."

Mama ana hofu ya kweli na sitasema amekosea. Sijui watakufanya nini. Ukiichoma barua hii sitamwambia mtu, na nitaendelea kukuandikia habari za jogoo. Lakini ujue kwamba mimi ninajua.

Ozite

*

Anse Noire
10 Desemba 1944

Kaka Valsin,

Shikamoo kutoka kwetu sote. Tumetafuta jina lako kwa macho kila siku kwenye dirisha la posta, na kila siku tunarudi mikono mitupu. Pale hatuhudumiwi mpaka Wazungu wote wamalize, hata akiingia mwingine sisi tumeshafika mbele. Kwa hiyo tunapata muda mrefu wa kusubiri kuambiwa hakuna kitu.

Moshi wa kiwanda umefunika kila kitu, hata mkate una ladha ya sukari iliyoungua. Mama anafanya kazi zamu mbili. Anajua kwamba niliituma. Nilimwambia mwenyewe, siku ya tano. Hakunipiga. Tangu hapo ananisemesha kupitia Bibi. Tumekaa meza moja, anasema, "Mwambie huyo anipe chumvi." Bibi anamjibu, "Mimi si mkalimani, kazi hiyo ina hatari." Mama aliinuka akatoka nje. Bibi hakukusudia ubaya, kaka, ila nilijua ndipo Mama atakapolia.

Jumanne iliyopita mtu wa simu za maandishi alikuja na gari lake mpaka getini kwetu. Unajua gari lile likija huleta nini. Mama alikuwa anaanika. Alikaa chini papo hapo, kwenye matope, shuka jeupe limemfunika magoti, hakupiga kelele. Mtu yule akateremsha kioo akauliza, "Eti, kwa akina Broussard ni wapi?"

Mama hakuweza kuonyesha. Mimi ndiye niliyeonyesha. Nilinyoosha mkono kuelekea nyumba ya watu wengine, na moyoni nikashukuru. Sijui hiyo ni dhambi gani.

Nilipomwinua Mama aliniambia, moja kwa moja, bila kupitia kwa Bibi, "Kama wamemfunga kwa ajili ya karatasi yako..."

Niandikie. Hata matusi.

Ozite

*

Ufaransa
28 Desemba 1944

Mdogo wangu,

Mwambie Mama sijafungwa. Mwambie kwanza, ndipo uendelee kusoma. Mwambie nina kofia ya sufu, na kwamba theluji ya huku haijui kofia. Kwa Bibi, nimekula. Samahani kwa ukimya. Wajerumani walisukuma tena kabla ya Krismasi, tukaendesha usiku na mchana, na barua zikawa mzigo wa mwisho kwenye kila lori. Lakini nisijifiche nyuma ya Wajerumani. Barua yako niliipata mwishoni mwa Novemba, na kwa siku mbili niliibeba kifuani bila kufanya kitu.

Siku ya kwanza nilikukasirikia. Nilisema huyu mtoto, Sista wake na insha yake. Siku ya pili nilipita kijiji kile. Watoto walikuwa wanacheza barabarani, vifaru vikatokea kwenye kona, na wale watoto wakakimbia wakipiga kelele za neno lile lile, char, char. Nilisimamisha lori. Nilikaa na usukani mikononi mpaka walio nyuma wakaanza kunipigia honi.

Nilikwenda kwa Luteni Haskell. Nilimwonyesha karatasi ya Sista. Akasema, "Koplo, uliapa. Unataka kuniambia uliapa upuuzi?" Nikasema ndiyo, bwana. Akasema nirudi kazini, na nikilitaja tena atanishtaki mimi. Mama, bila kumwona, alimjua mtu huyu vizuri kuliko mimi ninayekula jirani yake.

Basi nikaenda kwa kasisi wetu, Mchungaji Mabry, mweusi mwenzetu, mzee wa Tennessee mwenye tumbo na haraka ndogo. Aliisoma barua yako, yote, hata ya jogoo. Akauliza, "Huyu aliyeandika ana miaka mingapi?" Nikasema kumi na tano. Akavaa koti. Tulikwenda pamoja mpaka makao makuu, kwa meja mmoja mwanasheria ambaye hukumu zote zinapita mezani kwake. Hakutukaribisha viti. Si mtu mwema, Ozite, usije ukadhani. Ni mtu anayechukia karatasi yenye doa. Aliniuliza nitathibitishaje, maana nikitafsiri tena, ni mdomo ule ule.

Nikamwambia, "Bwana, usiniulize mimi. Mtoe yule bibi nje umwonyeshe vitu. Aonyeshe kwa kidole."

Tulikwenda. Waliweka lori letu upande mmoja wa uwanja wa kanisa na kifaru upande mwingine. Mimi niliamriwa nisimame mbali, nisifungue mdomo. Bibi Hervieu alikuja na viatu vya mbao, ameudhika, anauliza kwa nini wanamtoa jikoni. Meja akajionyesha tumboni kama anayepigwa risasi, halafu akaonyesha lori, akaonyesha kifaru, akainua mabega: kipi?

Yule bibi alimtazama kama mtu asiye na akili. Alitembea mpaka kwenye kifaru akakipiga kwa fimbo yake. Kisha alitugeukia sote akaanza kupiga kelele, na meja akaniashiria nije.

"Nilisema tangu siku ya kwanza! Char! Na alikuwa mweusi kwa masizi na mafuta, kama mfagia dohani, mikono tu ndiyo ilikuwa myeupe!"

Nikamuuliza, "Bibi, mbona hukusema habari ya mikono?"

"Nani aliniuliza mikono? Mliuliza uso!"

Nilitafsiri. Mdogo wangu, sentensi ile ilikuwa fupi, lakini sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule. Meja aliandika, akafuta kalamu, akaingia kwenye gari lake. Yule bibi akabaki amesimama, fimbo mkononi. Akaniuliza, "Basi yule kijana mliyemleta kwangu, yuko wapi?" Nilipomwambia bado anangoja kitanzi, alishika ukuta.

Leander alitolewa wiki moja baadaye. Hawakumwomba radhi. Mlinzi alifungua mlango akasema, "Chukua kofia yako, lori linakungoja." Yule muuaji wa kifaru hawajamtafuta, na nadhani hawatamtafuta. Mimi nimevuliwa ukoplo na sitakiwi kutafsiri hata salamu. Hilo lilinifurahisha. Jeshini mwao sisi ni mikono ya kupakia na miguu ya kukanyaga mafuta. Waliponipa mdomo nilijiona mtu mkubwa, nikausahau uso wa mtu aliyeniambia waambie vizuri.

Luteni, kwa ubaya wake tu, ametuweka lori moja, mimi na Leander. Anaendesha mmoja, mwingine anapumzika, tunabadilishana. Siku tisa hakunisemesha. Nilimwomba radhi siku ya kwanza, akafungua dirisha, baridi ikaingia, akaliacha wazi safari nzima. Sikuomba tena. Nilijua msamaha si wangu wa kudai.

Leo asubuhi tulikuwa tunashuka mlima wenye barafu, mimi ndiye niliyeshika usukani, petroli imejaa nyuma, na chini kuna daraja jembamba. Lori likaanza kuteleza. Leander akashika mlango. Akasema, bila kunitazama, "Mfaransa. Hicho kilicho chini ya mguu wako, kwenu mnakiitaje?"

Nikasema, "Breki."

"Una hakika?"

"Breki, Leander. Kama nyinyi."

"Basi kanyaga," akasema.